Mashine yasema kiungo kizima, Ami asema mkono wangu mzito

Assalaamu alaykum wakubwa zangu wa safu hii, na shikamooni.

Mimi ni mwanagenzi wa ufundi katika kampuni kubwa ya simu na intaneti, hapa Malindi. Nina miezi saba sasa. Kikosi chetu ni watu wanne: fundi mkuu, ambaye sote twamwita Ami, mafundi wawili, na mimi.

Mwezi uliopita lori lililosheheni makuti liliikwaa kebo yetu ya juu, upande wa kwenda Mambrui, ikakatika. Kebo ni ya nyuzi 12. Tuliiunga usiku uleule. Kwa mara ya kwanza Ami alinipa mimi mashine ya kuungia, yeye akashika tochi. Viungo vyote 12 mashine ilisoma hasara ya desibeli kati ya 0.01 na 0.04. Nikapanga nyuzi kwenye sinia la viungo, nikafunga domu, yaani kasha linalofunika masinia, tukalipandisha.

Asubuhi masanduku matatu ya mtaani yalikuwa yamedhoofika. Mwanga uliokuwa ukifika kwa −24 ulifika kwa −29, na kwa wateja taa nyekundu ikawa inapepesa. Nyuzi zenyewe ni nyeusi, ya manjano na ya zambarau. Ami alizichomoa kwenye stesheni ya kampuni akazipiga kwa OTDR, kifaa kinachopiga mwanga ndani ya uzi na kuonyesha unapopotea. Picha ya ule mweusi ninayo kwenye simu: pale kwenye kiungo chetu, kwa wimbi la 1310 inapoteza 0.9, kwa la 1550 inapoteza 6.8. Akashusha domu, akakata zote tatu akaziunga upya kwa mkono wake, zikawa sawa. Kisha akasema mbele ya wenzangu, "Wewe mkono wako mzito." Tangu siku hiyo kazi yangu ni kubeba ngazi, kuvuta kebo, kumenya nyuzi na kuzisafisha. Mashine siigusi.

La pili, mmoja wa wale mafundi hunipandisha nguzo bila mkanda. Asema mkanda ni mmoja, na kazi ni ya dakika tano.

La tatu, nilitia sahihi mkataba siku ya kwanza, nakala sijapewa hadi leo. Kaka yangu asema niache hayo, tuchange tununue bodaboda. Niondoke?

Mwanagenzi, Malindi

*

Wa alaykumu salaam mwanetu, na marahaba.

Tuanze na kiungo, maana ndicho kinachokuuma. Kwa namba ulizotuandikia, viungo vyako vilikuwa vizima. Kilichoharibika ni mpango wa nyuzi ndani ya sinia, baada ya mashine kumaliza kazi yake. Usishangilie mapema, kwani hilo nalo ni kosa lako. Ila si kosa ulilolaumiwa, na dawa yake ni tofauti.

Mwanga wa nanomita 1310 na ule wa 1550 hupita katika uzi mmoja, lakini hazivumilii kona sawasawa. Kiini cha uzi kina upana wa maikromita 9 hivi, ndani ya kioo cha maikromita 125. Mwanga wa mawimbi marefu husambaa zaidi nje ya kiini, kwa hiyo uzi ukikunjwa, huo ndio wa kwanza kumwagika. Kiungo kibovu hakina upendeleo huo. Kama ncha ilikatwa mshazari, au vumbi liliungua ndani, au kuna kiputo, hasara hutokea kwa mawimbi yote mawili, na mara nyingi hukaribiana. Ungeona 0.5 huku na 0.5 kule. Wewe umeona 0.9 na 6.8. Hiyo ni sauti ya uzi uliobanwa, na fundi yeyote anayesoma mawimbi yote mawili ataitambua. Tunahisi Ami alitazama 1550 peke yake, akaona shimo kubwa mahali pa kiungo, akamaliza. Kwenye picha ya OTDR kiungo na kona iliyo sentimita 20 pembeni yake huonekana nukta moja, mashine haina uwezo wa kuvitenganisha.

Kipimo cha sandukuni kinathibitisha. Katika mtandao wa GPON, ule wa nyuzi unaogawa mwanga mmoja kwa wateja wengi, mwanga unaoshuka kwa mteja ni wa 1490, na huo umepoteza desibeli 5, yaani imebaki kama theluthi moja tu ya mwanga. Panga namba zako: 1310 hasara 0.9, 1490 hasara 5, 1550 hasara 6.8. Zinapanda pamoja na urefu wa wimbi. Na ndiyo maana taa ilipepesa: kisanduku cha mteja cha daraja la kawaida huishiwa nguvu karibu na −27 au −28, na wewe ulikuwa umeshapita hapo.

Kisha zitazame rangi. Mpangilio wa nyuzi 12 ni buluu, chungwa, kijani, kahawia, kijivu, nyeupe, nyekundu, nyeusi, manjano, zambarau, waridi, na samawati ya maji ya bahari. Nyeusi ni ya nane, manjano ya tisa, zambarau ya kumi. Ni majirani. Mkono mzito haukosei kwa safu namna hiyo. Ungeharibu ya pili, ya saba, ya kumi na moja, ovyo ovyo. Nyuzi tatu zinazolala ubavu kwa ubavu zikifa pamoja, tafuta kitu kimoja kilichozikalia zote: mdomo wa kifuniko, kona ya sinia, au mrija wa kinga uliopachikwa nusu ukasukumwa na sinia la juu.

Na mbona Ami alipounga upya zikapona? Kwa sababu alifanya mambo mawili kwa mpigo. Aliunga, na akazipanga upya. La pili ndilo lililoponya.

Basi jifunze sinia kabla ya kudai mashine. Acha kila uzi uwe na akiba ya mita moja hadi moja na nusu ndani ya domu, ili ukikosea uwe na pa kukata. Zungusha akiba yote kwa duara lisilopungua sentimita 6 kwa upana, kama mdomo wa bilauri ya chai. Hiyo ni kwa nyuzi za aina ya kawaida, G.652, ambazo ndizo zimejaa kwenye kebo za zamani. Zile za aina ya G.657 hustahimili kona kali zaidi, za daraja la A1 hadi nusu kipenyo cha milimita 10, lakini usibahatishe kwa kutazama: soma maandishi kwenye ganda la kebo, na ukikuta upande mmoja ni huu na wa pili ni ule, mfuate aliye dhaifu. Mrija wa kinga wa milimita 60 ukitoka kwenye tanuri bado ni laini. Uache upoe umenyooka kwenye kishikio cha mashine. Ukiupachika kwenye mfereji wa sinia ungali moto utapinda, na uzi ndani yake utapinda nao. Mrija ukae wote ndani ya mfereji, kichwa na mkia. Kifuniko cha sinia kinatakiwa kifunge kwa kidole kimoja. Ukilazimika kukibonyeza, kuna uzi unauponda.

Kabla ya kufunga domu, chukua kurunzi ya mwanga mwekundu, ile ya nanomita 650, uipige kwenye uzi usio na mwanga wa stesheni. Usiku hasa, mahali palipobanwa hung'aa wekundu kama kaa la moto. Ni kifaa cha bei ndogo, na usiku ule kingekuonyesha kosa kwa sekunde chache. Kisha sinia likishafungwa, domu likiwa bado chini, pigeni OTDR kwa 1310 na 1550. Kupima kabla ya kufunga sinia hakutoshi, maana kosa la sinia huzaliwa wakati wa kufunga. Na kumbuka: 1310 na 1550 hupigwa kwenye uzi uliochomolewa, kama Ami alivyofanya. Kwenye laini iliyo hai utawavuruga wateja wengine. Huko hutumika 1625 au 1650 yenye kichujio.

Jambo moja la kuongeza kuhusu zile 0.01 hadi 0.04 za mashine. Hayo ni makadirio. Mashine hutazama picha ya kiungo kwa kamera, ikakisia. Haikupitisha mwanga wowote kukipima. Hasara ya kweli hupatikana kwa OTDR kutoka pande zote mbili, kisha ukagawanya kwa mbili. Nyuzi za viwanda tofauti zikiunganishwa, upande mmoja unaweza kusoma −0.08, kana kwamba kiungo kinaongeza mwanga, na upande wa pili +0.18. Hakuna muujiza hapo: jumla ni 0.10, nusu yake 0.05, kiungo ni kizuri. Anayepima upande mmoja tu hukata viungo vizima na kuacha vibovu.

Sasa hiyo kazi ya kumenya na kusafisha unayoiona adhabu. Hapa hatukubaliani nawe. Mashine husogeza ncha mbili, hupiga cheche, humaliza kwa sekunde kumi hivi. Ubora wa kiungo umeshaamuliwa kabla hujafunga kifuniko chake. Kwa hiyo umepewa sehemu kubwa ya ufundi, ila hujaambiwa. Ifanye hivi.

Ingiza mrija wa kinga kwanza (utausahau angalau mara moja, kila mtu husahau, na dawa yake ni kukata na kuanza upya). Menya gamba la rangi sentimita 3 hadi 4, kwa mvuto mmoja ulionyooka, stripa ikiegemea kidogo upande wa kuvutia. Ukivuta kwa vipande-vipande unaukwaruza uzi, nao utavunjika miezi baadaye ndani ya sinia bila kuguswa na mtu. Futa kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 99, kwa kitambaa kisichotoa nyuzinyuzi, hadi usikie kioo kinalia kidogo. Spiriti ya duka la dawa ya asilimia 70 ina maji, huacha utando. Ukishafuta usiuguse tena, wala usiulaze popote: nenda moja kwa moja kwenye kliva, kile kifaa cha kukatia ncha. Usifute tena baada ya kukata, maana unarudisha uchafu kwenye ncha. Ncha nzuri iko chini ya digrii 1 ya mshazari. Mashine nyingi hukuandikia pembe ya kushoto na ya kulia kwenye kioo chake; zisome kila mara. Ukiona pembe zimeanza kupanda kwa nyuzi zote, usijilaumu, kisu kimechoka. Kwenye kliva nyingi kisu ni gurudumu lenye vituo 16, na kila kituo hukata kama mara 1,000 kabla ya kugeuzwa. Hesabu ianze kuandikwa na mtu. Wewe ndiye mtu huyo.

Malindi ina balaa zake. Mashine ikilala kwenye chumba cha kiyoyozi au kwenye gari lenye baridi, kisha ikafunguliwa kwenye joto la saa tano, vioo vyake hushika ukungu na picha huonekana chafu hata ukifuta mara kumi. Itoe mapema, ikae ndani ya kisanduku chake kilichofungwa nusu saa izoee hewa. Kisha piga jaribio la cheche kabla ya kiungo cha kwanza, na urudie hali ya hewa ikigeuka, kwani unyevu hubadilisha nguvu ya cheche. Wakati wa kusi mchanga unapeperuka hata mbali na ufuo. Chembe moja ikiingia ndani ya mrija wa kinga, joto likiubana mrija, chembe huusukuma uzi na kuutia kona ndogo isiyoonekana. Hasara hiyo nayo huonekana 1550 zaidi. Fanyia kazi ndani ya hema au ndani ya gari, mlango umefungwa upande wa upepo. Na jasho ni chumvi na mafuta: kitambaa cha kufutia mikono kiwe mbali na kitambaa cha kufutia nyuzi.

Vipande vya kioo ulivyokata vihesabu, uvitie kwenye chupa yenye kifuniko au uvinase kwenye utepe. Kimoja kikiingia kidoleni hakionekani kwa macho, hukaa ndani na kutunga usaha. Usile viazi vya karai hapo kazini kabla ya kunawa. Na usichungulie ndani ya uzi hata siku moja, kwa sababu mwanga wa kazi hauonekani na jicho halitajua la kukwepa.

Kuhusu Ami mwenyewe. Usiende na picha ya OTDR kumwonyesha kwamba alikosea, tena mbele ya wale wawili. Ni mkubwa wako, na pia ndiye atakayeandika tathmini yako. Mngoje wakati ametulia, baada ya alasiri, gari likiwa limeegeshwa, useme: "Ami, naomba unisomeshe hii picha. Mbona 1310 ni ndogo na 1550 ni kubwa?" Halafu unyamaze. Mtu wa ufundi akiulizwa swali zuri hulijibu, na akilijibu hili atakuwa amefika mwenyewe pale tulipokueleza. Asipofika, mwombe ruhusa ya kufanya majaribio ya kubana: uzi mmoja mzima, uuzungushe kwenye kalamu, upime mawimbi yote mawili. Dakika tatu tu, na hakuna atakayeaibika.

Wakati huohuo fungua daftari. Kila kiungo unachoandaa, hata kama ni yeye anayebonyeza mashine, andika tarehe, rangi, pembe za ncha mbili, makadirio ya mashine, kipimo cha 1310 na 1550 baada ya kufunga. Ukifika viungo 100 utaweza kumwonyesha msimamizi yeyote ni vingapi vilizidi 0.1 na kwa nini. Bila daftari ni neno lako dhidi ya "mkono mzito".

La mkanda halina mjadala: usipande. Dakika tano ndizo zinazotosha kuanguka. Nguzo nyingi hubeba pia waya za umeme. Zetu hukaa chini na za stima juu, volti 240 na pengine 11,000 juu yake, na mtu anayeteleza hunyoosha mkono kushika chochote. Kabla ya kuweka ngazi, gonga mguu wa nguzo ya mti kwa nyundo kuanzia chini hadi kimo cha bega. Mti mzima hulia kwa ukali, ulioliwa na mchwa hutoa mlio wa tupu. Dunga kwa bisibisi pale unapoingia ardhini, kwa sababu hapo ndipo huoza kwanza. Ngazi itoke nje mita moja kwa kila mita nne za urefu wake, ifungwe juu na ishikwe chini. Mkanda uwe wa mwili mzima, wenye kamba ya kukumbatia nguzo, na uukague mshono kwa mshono: hewa ya chumvi hula vyuma vya kufungia, jua hukausha utepe. Ukiona uzi wa mshono umekatika au kulabu haijifungi yenyewe, mkanda huo ni taka. Nguzo ikiwa mbovu au mvua inanyesha, hapandi mtu, hata mwenye mkanda.

Namna ya kukataa ni hii: "Bwana fundi, mkanda ukishuka nitapanda." Usiongeze neno. Ikiwa mkanda ni mmoja kweli, basi anayepanda ni mmoja, na wa pili yuko chini. Akikulazimisha, mwandikie Ami ujumbe wa simu siku hiyohiyo, kwa heshima, ukitaja mahali na saa. Maandishi yana uzito kuliko maneno. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 iko upande wako, na ile ya Fidia kwa Ajali za Kazini, ya 2007 pia, inamhesabu mwanagenzi kuwa mfanyakazi. Wapo wanaokuambia kwamba aliye mafunzoni hana chake akiumia. Si kweli.

Mkataba tutaumaliza haraka. Mkataba wa uanagenzi nchini Kenya huandikwa na kusajiliwa kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, NITA. Iandikie ofisi ya wafanyakazi barua fupi kuomba nakala, na uulize umesajiliwa lini. Wakijibu kwamba kilichoandikwa ni cha "kibarua" au "mafunzo ya muda", jua kwamba si uanagenzi, na hesabu yako ya kukaa au kuondoka inabadilika.

Bodaboda haikimbii, itakuwepo hata mwakani. Kaa hadi utimize mambo mawili: nakala ya mkataba iwe mkononi, na daftari liwe na viungo 100 vyenye vipimo. Ukikosa la kwanza baada ya barua mbili, ondoka na daftari lako; wapo makandarasi wa nyuzi Malindi, Watamu na Kilifi, na swali lao la kwanza ni kama unajua kuunga na kupima. Kama shida ni mkanda na bado unalazimishwa, usingoje chochote.

Kesho asubuhi mwombe Ami kipande cha ile kebo iliyokatwa na lori, mita tatu tu, haitakiwi tena. Ukate nyuzi zake vipande jozi 20, uzimenye, uzisafishe, uzikate kwa kliva. Ukimwona ana nafasi, mwombe akuruhusu uzitazame pembe kwenye kioo cha mashine bila kupiga cheche. Elektrodi, zile ncha za kupigia cheche, hazitachakaa, kwa hiyo hana sababu ya kukunyima.